Utakula Nini Ukifika Roma?

Mwaka 2025 Roma iliadhimisha Jubilei, na mahujaji walifika huko kutoka kila bara. Msafiri akirudi huulizwa habari za makanisa. Sisi akina mama huwa na swali jingine pia: huko watu wanakula nini, na je, mfuko unatosha?

Jibu litamshangaza anayedhani kuwa mji mkubwa hula vya anasa tu. Vyakula vingi vinavyoipa Roma sifa vilitoka katika jiko la mtu wa hali ya chini.

Katika mtaa wa Testaccio palikuwa na machinjio makubwa ya mji, yaliyofanya kazi tangu karibu mwaka 1890 hadi 1975. Ng'ombe aligawanywa robo nne, na nyama hiyo nzuri ikaenda kwa wenye nazo. Yaliyobaki, yaani mkia, utumbo, moyo, kichwa na miguu, Waroma waliyaita "robo ya tano". Wafanyakazi wa machinjio walipewa robo hiyo kama sehemu ya ujira wao, wakaipeleka nyumbani. Hapo mama akaanza kazi.

Mkia, coda alla vaccinara, hupikwa kwa moto mdogo saa kadhaa, pamoja na nyanya na seleri nyingi, hadi nyama iachane na mfupa. Utumbo, trippa alla romana, hupikwa katika mchuzi wa nyanya, ukatiwa nanaa na jibini ya kondoo iitwayo pecorino. Kwa desturi siku ya utumbo ni Jumamosi, na Ijumaa Wakatoliki walijinyima nyama wakala samaki. Leo wageni hulipa kwa furaha kula vyakula hivyo hivyo.

Mwenye fedha kidogo asiogope. Aagize cacio e pepe: tambi, pecorino na pilipili manga, basi. Au anunue supplì, donge la wali lenye jibini ndani, lililokaangwa, alile akiwa njiani. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, maana carbonara na amatriciana hutiwa nyama ya shavu la nguruwe. Kahawa wenyeji huinywa wamesimama mbele ya kaunta. Ukiketi mezani, mara nyingi bei hupanda. Divai nyeupe ya Frascati hutoka katika vilima vya jirani. Na maji ya kunywa ni bure! Mitaani kuna mabomba takriban 2,500 yaitwayo nasoni, yaani "pua kubwa". Yalianza kuwekwa miaka ya 1870, na maji yake ni safi. Chukua chupa yako tu.

Hata asiyetarajia kupanda ndege ana la kujifunza hapa. Wangapi kati yetu, mgeni akibisha hodi, huficha sufuria ya utumbo na kukimbilia dukani kukopa kuku? Mwisho wa mwezi deni linadaiwa, na ada ya mtoto haijalipwa. Wanawake wa Testaccio walipika kwa subira walichokuwa nacho, na leo dunia nzima inakifuata.

Basi, dada, osha makongoro yako vizuri, yachemshe hadi yalainike, kamulia ndimu, umkaribishe mgeni mezani bila aibu. Fedha ya kuku iende shuleni.