"Ni Uzee Tu"

Ukipita Makina kule Kibera, au Gatina katika Kawangware, ukamwuliza mzee hali ya magoti yake, aghalabu atakujibu: "Ni uzee tu, mwanangu." Mimi naona neno hilo "tu" lina madhara makubwa. Akishalitamka, hakuna amwulizaye zaidi, naye hujikokota hadi duka la dawa akanunua diklofenaki. Hutuliza kweli; lakini mzee akiimeza siku nenda siku rudi, huweza kumtia vidonda vya tumbo, kumharibu figo na kumpandisha presha, ambayo pengine anayo tayari.

Kiswahili si maskini wa maneno ya maumivu. Kuna kuwaka moto, kudunga, kutafuna, kukaza, kufa ganzi. Nyayo ziwakazo usiku kwa mwenye kisukari ni taabu ya mishipa ya fahamu, na tiba yake siyo ya goti lililokaza, ambalo hufaidika na mazoezi mepesi. Daktari atajuaje akiambiwa "naumwa" basi?

Maumivu makali ya saratani nayo yana mofini ya maji. Nairobi Hospice imewahudumia wagonjwa wa namna hiyo tangu 1990. Wengi huiogopa, wakidhani ni ulevi au hukumu ya kifo. Sivyo! Ikitolewa kwa kipimo, mgonjwa hulala, akaamka akazungumza na wajukuu. Uganda, mwaka 2004, waliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika, ili ifike vijijini. Mzee wa Gatina asiyeweza kupanda matatu ahitaji mlango wa karibu namna hiyo.