Tusimvishe Babu Nguo Asiyoivaa



Siku hizi hapa kisiwani imekuwa mtindo. Harusi ikikaribia, picha za wazee zinatolewa masandukuni, zinasafishwa kwa simu, zinatiwa rangi, kisha zinachapishwa kubwa na kuwekwa mlangoni mwa ukumbi. Wapo wasiopenda kutundika picha, na hilo tunaliheshimu. Leo tunasema na wale wanaozihifadhi, kama sisi.

Mwaka huu tulimuoza mtoto wa dada yetu. Ikatolewa picha ya baba yake bibi, Allah amrehemu, amevaa nguo za kijeshi. Miaka yote tumeambiwa alikuwa sajini. Ami yetu akaipitisha kwenye programu ya simu, ikarudi inang'aa: koti la kaki, vifungo vya shaba, na mkononi tepe tatu za V. Nyumba nzima vigelegele.

Sisi tuliosomea ushonaji tukasita. Mkono wa koti ulikuwa na mikunjo, lakini zile tepe zilinyooka kama zimepigwa rula. Kitambaa kikikunjika, kilichoshonwa juu yake hukunjika nacho. Tukaitaka picha yenyewe ya zamani, tukaishika kwenye mwanga wa dirisha. Tepe ilikuwa moja. Mbili zilizobaki programu imezitunga kutokana na vivuli. Na katika jeshi lile tepe moja ni lansi koplo, mbili koplo, tatu ndiyo sajini.

Ami akakasirika. "Kuna ubaya gani? Marehemu ni wetu na sherehe ni yetu."

Bibi alikuwa kimya kwenye mkeka. Akasema koti lile analijua. Baba yake aliporudi vitani hakulivaa tena, na bibi alipoanza chuo, mama yake alilifumua akamshonea mkoba wa kutilia msahafu. Upande mmoja wa mkoba ulikuwa na alama ya V, rangi yake imekoza kuliko kitambaa chote. Fundi yeyote anajua sababu: sehemu iliyofunikwa na tepe haikupigwa na jua. "Alama ilikuwa moja," akasema bibi. "Nilikuwa naipitisha kidole njiani."

Maoni yetu ni haya: tusimpandishe marehemu cheo. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuihakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi, na picha nayo ni habari. Watoto watakaoiona ukumbini wataisimulia kwa watoto wao. Kesho mjukuu akienda kutafuta jina la mzee kwenye kumbukumbu, atamtafuta sajini na hatampata. Halafu tujiulize, hiyo tepe moja ina aibu gani? Mtu aliondoka kisiwani akiwa kijana, akaenda vitani, akarudi salama akalea watoto. Tukiona haya kwa tepe yake moja, tunamdharau yeye, na tunawadharau maelfu waliokuwa hawana hata hiyo moja.

Kama na nyinyi mna picha kama hii, itazameni kama mnavyotazama nguo ya harusi kabla ya kumlipa fundi.

Anzeni na kofia. Askari wa keya, yaani King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, walijulikana kwa tarbushi. Baadhi ya vikosi vyake viliweka mbele ya tarbushi tarakimu ya Kiarabu, ambayo sisi tuliopita chuoni tunaisoma bila taabu. Katika Vita vya Pili vya Dunia wengi wanaonekana na kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, kama ya mzee wetu, hasa katika picha za Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944. Ukiona tarbushi iliyovishwa kaki na ina tai wa chuma mbele, huyo huenda alikuwa askari wa Mjerumani katika vita vya kwanza. Lakini tarbushi peke yake si ushahidi, kwani polisi wa wakati wa ukoloni nao waliivaa.

Tazameni vifungo. Koti la kiume upande wa kushoto wa mvaaji hulala juu ya ule wa kulia. Mkiona kinyume chake, huenda picha ilichapishwa kwa kugeuzwa, na herufi za begani mtazisoma kinyumenyume.

Msiamini rangi. Filamu nyingi za zamani zilifanya chekundu kionekane cheusi, kwa hiyo tarbushi nyeusi pichani huenda ilikuwa nyekundu. Programu ya simu haijui hilo, inakisia tu.

Na kabla ya yote, igeuzeni picha. Nyuma huenda kuna mhuri wa studio, tarehe au jina. Pigeni picha pande zote mbili, ile ya asili irudi sandukuni bila kubandikwa gundi. Kisha muulizeni bibi naye angali hai. Sisi tulikaa na bibi yetu miaka yote hii, na habari ya mkoba hatukuwahi kuisikia, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Ukumbini tuliweka ile ya zamani, na doa lake pembeni. Chini tukaandika jina lake na "Lansi Koplo". Ami bado amenuna kidogo, lakini wageni walisimama, na bibi aliwasimulia kila mmoja habari ya mkoba wake.

Allah awarehemu wazee wetu waliotangulia, na awatie baraka maharusi wote. Amin.