Kigoda au Kabati?

Mwanafunzi apewapo ubao wa kwanza katika darasa la useremala, kabla hajashika randa hana budi kuchagua chombo atakachokitengeneza. Wengi hudhani kwamba uchaguzi huo ni jambo dogo. Sivyo, maana uchaguzi mbaya huharibu kazi hata kabla msumeno haujagusa mti.

Na watazamwe watoto wawili wa Bombambili, katika mji wa Songea, ambao kila mmoja amepewa ubao wa paina wenye urefu wa meta 2 na upana wa sentimeta 20. Wa kwanza ataka kabati, kwa kuwa ameliona moja likimetameta mbele ya karakana ya fundi. Wa pili ataka kigoda, kwa kuwa bibi yake hupika akiwa ameketi juu ya jiwe.

Sasa na wahesabu. Kigoda chahitaji sentimeta 35 za kukalia, vipande viwili vya sentimeta 30 kuwa miguu, na kipande kimoja cha sentimeta 30 cha kuunganisha miguu hiyo. Jumla ni sentimeta 125. Zabaki sentimeta 75, nazo ni akiba ya kukosea, maana hakuna mwanafunzi asiyekosea. Na kabati la kimo cha meta 1 je? Mbavu zake mbili peke yake zimekwisha kumaliza ubao wote. Rafu, mgongo na mlango vitatoka wapi? Mtaka yote hukosa yote.

Pana tena habari ya mti wenyewe. Paina hupandwa, kama katika msitu wa Sao Hill huko Mufindi, nayo hukua upesi, na msumeno huipita kwa urahisi. Lakini mninga, mti wa miombo ya Ruvuma, hukua polepole kwa makumi ya miaka. Mbao zake ni nzuri na hudumu sana. Kwa hiyo si haki mkono usiozoea ujifunzie juu yake. Kadhalika ubao mbichi ukikauka hupungua upana, lakini urefu wake karibu haupungui. Mlango mpana uliofanywa kwa mbao mbichi wakati wa mvua hupinda au hupasuka kiangazi kifikapo. Kigoda kidogo hakipatwi sana na hasara hiyo.

Wako wasemao, heri mwalimu achague chombo kimoja kwa darasa zima. Hoja yao ina nguvu, maana kazi ya kufundisha huwa nyepesi. Lakini mwaka 1967, katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua juu ya kazi za shule yao. Mtoto asiyechagua hajifunzi kuhesabu gharama. Basi na achague mwenyewe, ila kwanza amwonyeshe mwalimu hesabu ya ubao wake.

Wengine watasema kwamba kigoda ni kazi ya kitoto. Fundi hasemi hivyo. Katika kigoda mtoto hujifunza ulimi na tundu: ncha ya kipande kimoja huchongwa iwe ulimi, nao huingia na kubana katika tundu la kipande cha pili. Kwa kiungo hicho hicho hufanywa viti, meza na milango. Ajuaye kigoda amekwisha kuanza kabati.

Mwanafunzi na ajiulize maswali matatu. Nani atakitumia chombo hiki? Ubao niliopewa watosha? Mkono wangu utajifunza jambo gani jipya? Chombo kinachojibu maswali yote matatu ndicho kifaacho, hata kikiwa kidogo. Kabati lisilokwisha huishia jikoni, likawa kuni. Kigoda kilichokwisha huwa jikoni vilevile, lakini bibi amekikalia.