Redio mpya ya baba iliua simu, na mimi nimo kwenye kesi

Najua nimepotea, test zilinibana na baada ya hapo maandalizi ya TP, ila nimerudi. Leo sina stori za hosteli wala za foleni ya kafeteria. Leo kuna kitu kinanikereketa rohoni, na naomba mnivumilie maana ni kirefu halafu kina mambo ya waya ndani yake. Wale wa Kiswahili na Historia msikimbie, nitawaelezea taratibu kama niko na form two.

Iko hivi. Mwezi wa tatu nilimpigia baba jioni, saa kumi na mbili hivi, kuomba nauli ya kwenda TP. Akapokea. Nikasema shikamoo baba, akasema marahaba mwanangu, ngoja kido... halafu nikasikia honi ndefu, breki, na kitu kikadondoka puuu. Simu haikukatika. Nikawa nasikia muziki kwenye gari, na mtu wa nje anatukana. Nikaita baba! baba! baba! mpaka roommate wangu akazima jiko. Dakika kama nne hivi, ambazo sitaki kuzikumbuka, ndo akasikika: "Niko salama. Simu iliingia chini ya pedali."

Alikuwa Morogoro Road, pale Kibamba, foleni ya kurudi nyumbani. Bodaboda alimkatizia mbele, mkono mmoja wa baba uko kwenye steringi na mwingine umeshika simu sikioni, na simu hiyo nilikuwa nimepiga mimi. Alipofunga breki simu ikamtoka ikaanguka miguuni. Fikiria mwenyewe simu imelala chini ya pedali ya breki halafu unataka kukanyaga tena.

Sasa uchungu wangu uko hapa: gari lile lilikuwa linapokea simu lenyewe! Miezi michache nyuma baba alikuwa anabonyeza kitufe kwenye steringi, sauti yangu inatoka kwenye spika za mlango, na yeye anajibu huku mikono yote miwili iko mahali pake. Aliyemshawishi aitoe redio iliyokuwa inafanya kazi hiyo ni mimi.

Nijitetee kidogo. Baba ana Premio ya mtumba kutoka Japani, kama nusu ya magari ya mtaani kwetu. Ilikuja na redio yake ya kiwandani, maandishi yote Kijapani, ramani ya Japani wakati sisi tuko Mbezi. Na FM inaishia 90, kwa sababu wenzetu Japani FM yao ilikuwa inaanzia 76 mpaka 90 (baadaye wakaisogeza mpaka 95), wakati sisi stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Kwa hiyo Clouds ya 88.5 anaipata, Radio One ya 89.5 anaipata, yeye karidhika. Mimi nikitaka EFM ya 93.7, hakuna. Halafu nikiunganisha simu yangu kwa Bluetooth kupiga muziki, haiimbi. Simu inapokea, muziki haupigi. Nikasema hii redio mbovu.

Haikuwa mbovu, mjinga nilikuwa mimi. Ndani ya Bluetooth kuna kazi mbalimbali, na kila kazi ina utaratibu wake. Kuna utaratibu wa kuongea na simu bila kushika, unaitwa HFP, na kuna wa kurusha muziki wa stereo, unaitwa A2DP. Redio nyingi za zamani za kiwandani zilipewa ule wa kwanza tu. Kwa hiyo redio ya baba ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, nami nikaihukumu kwa kazi ambayo haikuumbiwa. (Kama mwalimu mtarajiwa hapo najisikia vibaya mara mbili, maana kuna wanafunzi tunawafanyia hivyohivyo.)

Basi tukaenda Kariakoo, likizo ya Krismasi. Fundi mmoja, jina na duka naviacha, akatuonyesha redio ya Android yenye kioo kikubwa kama sahani ya ubwabwa. Nikapagawa. Baba akauliza swali moja tu, "na simu je?" Fundi akajibu "mzee hii ina Bluetooth, simu inapokea bila shida." Hapo ndipo tulipopigwa, na hakusema uongo! Bluetooth kweli ipo. Ila baba alikuwa anauliza kuhusu vitufe vyake kwenye steringi na maikrofoni yake ya juu karibu na taa ya ndani, na fundi alikuwa anajibu kuhusu redio yake. Watu wawili wanatumia neno moja kwa maana mbili. Nilipomuuliza mbona anakata soketi ya gari badala ya kuchomeka, akaniambia "dada, mambo ya waya tuachie sisi." Mimi nasoma Fizikia na Hisabati! Nikanyamaza. Sijui kwa nini nilinyamaza.

Tukatoka pale muziki unalia balaa. Siku mbili baadaye baba akapigiwa, akabonyeza kitufe, kimya. Akagusa kioo, simu ikapokelewa, lakini wa upande wa pili anasema "sikusikii, uko kwenye upepo?" Maikrofoni ya redio mpya iko kitundu kidogo hapo usoni kwa redio, karibu na matundu ya AC, mbali na mdomo. Baba akajaribu wiki moja, akachoka, akarudi kushika simu sikioni kama watu wa zamani. Na hakumlaumu mtu. Hilo ndo linaniuma zaidi.

Sasa msimamo wangu, na najua mafundi wengine watanichukia. Kumtolea mtu redio ya kiwandani bila kumwambia simu yake inakwenda kupotea ni sawa na kumtolea mkanda wa kiti bila kumwambia, kwa sababu redio imepata kioo kipya lakini gari limepoteza kifaa cha usalama, na aliyelipia hajui kama amepoteza.

Na wala si kazi ngumu, ndo maana nina hasira. Kwenye Toyota nyingi vitufe vya steringi havina akili yoyote ndani yake. Kila kitufe kina kizuizi chake cha umeme, yaani rezista. Ukibonyeza kuongeza sauti redio inaona ukinzani fulani, ukibonyeza kupokea simu inaona mwingine. Hiyo ni Ohm's law tunayofundisha sekondari, basi! Vitufe vyote vile vinatoka na waya mbili tatu tu. Redio nyingi za Android zina waya nyuma zimeandikwa KEY1 na KEY2, unaziunganisha, unaingia kwenye programu ya kufundisha steringi, unabonyeza kitufe kimoja kimoja na kuiambia hiki ni cha kupokea, hiki ni cha kukata. Yale magari ambayo vitufe vinaongea kwa mtandao wa kompyuta wa gari, unaoitwa CAN, ndo yanahitaji kiboksi cha kutafsiri katikati. Premio ya baba haikuhitaji.

Maikrofoni ndo ina kaugumu kidogo. Ile ya kiwandani mara nyingi inapewa umeme mdogo na redio yake, kwa hiyo ukiichomeka kwenye redio nyingine hivihivi inaweza isitoe sauti, au itoe sauti ya mtu aliye ndani ya pipa. Njia ya mkato ni kununua maikrofoni ya nje ya waya, ile yenye pini kama ya earphone, ukapitisha waya wake ndani ya plastiki ya nguzo ya kioo na kuiweka juu karibu na dereva. Redio nyingi mpya zina tundu la kuichomeka. Fundi wetu hakulitaja tundu hilo hata kidogo.

Na ningekuwa na akili hizi Desemba, nisingemwambia baba atoe redio kabisa. Tulikuwa tunalalamikia sauti, wadau, na sauti mbaya ya gari kwa kawaida inatoka kwenye spika za karatasi zilizozeeka milangoni. Redio za kiwandani, hata kama zimeandikwa 50W mara nne, kiukweli zinasukuma kama wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Ungebadilisha spika za mbele, na kama hela ipo ungeongeza amplifaya ndogo inayopokea waya za spika moja kwa moja, fyuzi yake karibu na betri, redio ikabaki palepale na vitufe vyake na maikrofoni yake. FM ungeweka kale kadude ka kushusha masafa kanakochomekwa kwenye waya wa antena. Muziki wa simu ungepita kwenye waya wa AUX kama upo. Kusingekuwa na kioo kikubwa cha kujidai. Mimi nilitaka kioo cha kujidai.

Mshikaji wangu mmoja wa darasani, bingwa wa ubishi, aliniambia jana tukiwa kwenye foleni ya chai: "hata hiyo ya kuongea bila kushika ni hatari vilevile, unajidanganya." Nikataka kubisha, nikakumbuka notisi zetu za saikolojia ya elimu kwenye mada ya usikivu. Kweli, mwaka 2001 Strayer na Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha kwamba watu wanaoongea na simu kwenye majaribio ya kuendesha walikosa alama na kuchelewa kuitikia hata wale ambao hawakushika simu, kwa sababu akili ndiyo iliyokuwa kwenye maongezi. Wanafunzi wetu hivyohivyo, macho yako ubaoni akili iko nyumbani. Shirika la Afya Duniani nalo linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya ajali karibu mara nne ya asiyetumia, na linaongeza kwamba zile za bila kushika hazina usalama mkubwa zaidi kuliko za kushika.

Hapo nikakubali nusu. Akili ya baba ingekuwa kwangu na kwa nauli yangu hata angekuwa na redio ya ndege. Lakini simu isingeingia chini ya pedali. Na mkono wa pili ungekuwepo kwenye steringi bodaboda alipokatiza. Na baba ni mtu ambaye simu ikiita anapokea, awe anakula, awe msalani, amelelewa na simu za TTCL za ofisini ambako ikiita ni lazima. Mtu kama huyo humwambii "zima simu ukiendesha" ukamaliza kesi. Nimejaribu.

Kwa hiyo likizo fupi iliyopita nilirudi nyumbani na mita yangu ya kupimia umeme, ile niliyonunua kwa ajili ya praktiko. Kurudisha redio ya zamani ilishindikana, tulishampa fundi kama sehemu ya malipo (tena hata angetupa, zile za Toyota za Japani nyingi ukishazitoa kwenye umeme bila kadi yake ya ramani zinajifunga na kudai namba ya siri). Nikakaa kwenye kiti cha mbele, baba amesimama mlangoni na kikombe cha chai ananiangalia kama namfanyia operesheni mtoto wake. Nikaipata ile plagi ya vitufe inaning'inia nyuma ya redio, haijakatwa hata, imeachwa tu! Nikapima, nikabonyeza kitufe, ukinzani unabadilika. Nilipiga kelele. Mama akatoka jikoni akidhani nimepigwa shoti.

Kuunganisha nilimwachia fundi mwingine wa pale mtaani, mzee mmoja mpole, kwa sababu mita ninayo ila uzoefu wa kufungua dashibodi bila kuvunja plastiki sina. Alitumia kama saa mbili. Nilisimama pembeni nikiuliza maswali yote ambayo sikuuliza Kariakoo, na yeye akajibu yote bila kuniita dada wa waya. Kabla ya kumlipa tuliwasha injini, tukawasha AC mpaka mwisho, nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga simu. Nawaomba na nyie mkifunga redio fanyeni hivyo kabla hela haijatoka mfukoni, mtu mmoja ndani ya gari, mmoja mbali, injini inanguruma, na dereva apokee kwa kitufe cha steringi.

Juzi nimempigia baba tena. Nimechagua saa nane mchana nikijua yuko kazini, kumbe yuko barabarani. Akapokea, sauti safi, nikasikia indiketa tik tik tik. Shikamoo baba. "Marahaba mwanangu, naendesha, ntakupigia nikifika." Akakata kabla sijataja hela.