Si kila tumbo kali ni karuho: kongosho linavimba, jirani anashtakiwa

Kivu – Mtu anakula jioni kwenye matanga, au kwa jirani aliyemkaribisha. Usiku maumivu yanamshika juu ya kitovu na kupenya mpaka mgongoni. Anatapika bila kupata nafuu. Hawezi kulala chali, anakaa ameinama mbele huku ameshika tumbo. Kabla jua halijapanda, mtaa umekwisha kutoa hukumu: ni karuho. Anapelekwa kwa mtapisha sumu, ananyweshwa majani, anatapika zaidi. Siku ya tatu anahema, mkojo umekauka, na ndipo familia inatafuta pikipiki ya kumfikisha hospitali. Akifa, mama aliyepika kile chakula ndiye anayetafutwa na vijana wenye mawe.

Hakuna anayesema kwamba sumu haipo duniani. Lakini maumivu ya namna hiyo ni alama zinazojulikana za ugonjwa wa kuvimba kongosho, na familia nyingi hazijawahi kusikia hata jina lake. Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula. Linatengeneza maji makali ya kuyeyusha chakula, yanayopaswa kuanza kazi yakifika utumboni. Yakianza kazi mapema, yanaliyeyusha kongosho lenyewe.

Na kwa nini yaanze baada ya kula? Chakula chenye mafuta kinaukaza mfuko wa nyongo. Kama ndani mna vijiwe, kimoja kinaweza kusukumwa mpaka kikaziba mlango ambao nyongo na maji ya kongosho hupitia pamoja. Sahani ya jirani imekutana tu na kijiwe kilichokuwa tumboni miezi mingi. Sababu nyingine kubwa ni pombe ya miaka na miaka, iwe kanyanga au bia ya chupa. Hata minyoo mikubwa ya tumbo, ile ya askarisi, inaweza kupanda ndani ya mfereji huo na kuuziba. Kwa wahami wanaogombania choo kimoja watu wengi, hilo si jambo la mbali.

Lawama lakini haziishii kwa watapisha sumu. Kuna vituo vya afya ambako kila tumbo ni gastriti: mgonjwa anapewa omeprazoli na kurudishwa nyumbani. Akiulizwa, muganga anajibu kwamba hana skana, hana kipimo cha lipazi, kwa hiyo angefanya nini? Jibu hilo linasikika vizuri, ila halisimami. Lipazi au amilazi ikipanda mara tatu kupita kawaida inasaidia kuutambua ugonjwa. Haisemi kama mgonjwa yuko hatarini. Mwenye kipimo cha juu sana anaweza kupona wiki hiyohiyo, na mwenye kipimo kidogo akafa.

Ukali unapimwa kwa namna nyingine. Tangu mwaka 2012 madaktari wa dunia wanaugawa ugonjwa huu katika ngazi tatu. Ya kwanza ni nyepesi: figo, mapafu na moyo havijaguswa, na mgonjwa hupona kwa siku chache. Karibu watu 80 kati ya 100 wako hapo, au karibu na hapo. Ngazi ya kati ni pale kiungo kimoja kinapolegea kisha kurudia kazi kabla ya saa 48, au maji na nyama iliyokufa vinapokusanyika kuzunguka kongosho. Kali ni pale kiungo kinapokataa kazi kupita saa 48. Huko watu wanakufa wengi, hata hospitali zenye kila kitu. Kifo kina nyakati mbili: wiki ya kwanza viungo vinazimika, baadaye nyama iliyokufa inaingiwa na vijidudu.

Saa 48! Ndizo hizo zinazoliwa na majani ya kutapisha, na mabishano juu ya nani alimpa nini.

Alama za hatari zinaonekana kwa saa ya mkono na kipimajoto: moyo kupiga zaidi ya mara 90 kwa dakika, pumzi zaidi ya 20, joto kupita 38 au chini ya 36. Mbili kati ya hizo zinatosha kuhesabiwa pointi moja. Umri kupita miaka 60, akili kuchanganyikiwa, urea kupanda katika damu, maji kuzunguka mapafu: kila moja pointi yake. Zikifika 3, mgonjwa asibaki kituoni. Apelekwe hospitali kuu ya rufaa. Na chupa ya kupimia mkojo inagharimu nini? Muganga asiyeandika hesabu hizi asubuhi na jioni asisingizie skana.

Matibabu ya mwanzo pia si ya matajiri. Ni serumu ya Ringer kwa kiasi, maana utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kumiminia mgonjwa maji mengi kupita kiasi kunamdhuru. Ni dawa ya maumivu, na chakula chepesi mara mgonjwa anapoweza kukimeza, si kumfunga njaa wiki nzima. Antibiotiki za bei kubwa tangu siku ya kwanza, bila alama ya maambukizi, zinanufaisha famasi tu.

Linabaki swala la makuta, na hapa wakubwa wa zoni za afya wanapaswa kujibu. Mhami aliyeshuka milima ya Kalehe na godoro kichwani hana dhamana ya kuweka mezani. Kumwacha kwenye benchi mpaka ndugu walete pesa, bila hata serumu ya kwanza, ni kumhamisha kutoka ngazi ya kati kwenda ile kali, mbele ya macho ya watu wenye koti jeupe. Serumu ifungwe kwanza, mkojo uanze kupimwa, kisha hesabu ya pesa ifuate. Na yule mama aliyepika, chifu wa mtaa amlinde nyumbani kwake mpaka hospitali iseme mgonjwa alikuwa na nini.