Si Pepo, ni Ubongo

Anayetetemeka mikono tunamwombea kwa upole. Lakini mzee huyohuyo akianza kuona watoto wamesimama kando ya kabati, maombi yanageuka: tunakemea pepo. Tunakosea, na kosa hilo linaumiza watu.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Miaka kadhaa kabla ya mkono kutetemeka alikuwa akirusha mateke na kupiga kelele usingizini, na hata harufu ya kahawa hakuisikia tena. Nani angejua kwamba hizo ni dalili? Baadaye uso ukakakamaa, tabasamu likapotea, na washarika wakasema amepoa kiroho.

James Parkinson, daktari Mwingereza aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, aliandika kwamba akili haidhuriki. Hata yeye alikosea. Leo inajulikana kwamba wagonjwa wengi hupata huzuni nzito, hufunga choo, na kadiri miaka inavyokwenda hupoteza kumbukumbu. Maruweruwe yanaweza kuletwa na ugonjwa au na dawa zenyewe. Hapo anayetakiwa ni daktari, aangalie dozi. Waombaji waje, tunawahitaji, ila vidonge wasiviguse.

Maana baba aliambiwa aviache ili kuonyesha imani. Akaviacha ghafla. Baada ya siku chache alikuwa mgumu kama gogo, hata uji haumezi. Waliomshauri hawakuwapo usiku ule. Tulikuwapo mimi na mama, tukimgeuza kitandani.