Gari Si Kipimo cha Heshima



Kuna maradhi yameingia katika jamii yetu hapa Kampala, nayo hayatibiwi kwa sababu wengi tunayaita maendeleo. Kijana akipata kazi ya mshahara, haulizwi kama amepata kiwanja wala kama karo ya wadogo zake imelipwa. Anaulizwa, "Gari utanunua lini?" Akienda kuposa, wazee wa upande wa pili wanachungulia nje kuona amekuja na nini. Mzee wa heshima akishuka kwenye taksi kuja walimani, anaoneshwa kiti cha nyuma. Kijana mwenye gari la mkopo anapelekwa mbele.

Nasema wazi kwamba hii ni dhulma. Familia ambayo ingeweza kujibana ikanunua gari, kisha ikaamua kuishi bila gari, imetumia akili kuliko wengi wanaoicheka.

Sisemi gari ni haramu. Mwenye biashara ya kusambaza bidhaa, mwenye mzazi asiyeweza kutembea, mwenye mtoto mlemavu, mkunga anayeitwa usiku wa manane, hao gari kwao ni chombo cha kazi. Nazungumza na sisi wengine, tunaotaka gari ili tuonekane.

Tupige hesabu

Tuseme unakaa Kireka na unafanya kazi mjini. Kwa jamu ya Jinja Road, weka lita 3 za petroli kwa siku, na lita moja shilingi 5,000. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 390,000. Sasa weka taksi kwa shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi: kwa mwezi ni 104,000. Tofauti ni 286,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 3,432,000. Hapo hujabadilisha oili, hujanunua tairi, hujalipa bima, maegesho wala faini, na hatujagusa bei ya gari lenyewe. Kama kwako nauli ni nyingine, badilisha tarakimu upige upya. Kwa familia nyingi jibu litabaki upande uleule.

Na bei ya petroli haikusubiri wewe upate nyongeza ya mshahara. Mwezi Julai 2022 lita ilivuka shilingi 6,000 hapa Kampala. Wangapi waliegesha magari nyumbani wakarudi kwenye taksi kwa kujificha, kana kwamba wameiba?

Baya zaidi ni mkopo. Ndugu yetu anaweka rehani hati ya kibanja alichoachiwa na baba yake, anachukua fedha ya riba, ananunua kitu kinachopungua thamani kila siku. Tunajua dini yetu inasemaje juu ya riba na juu ya israfu. Wengine watasema kuwa tangu 2023 Uganda ina benki ya Kiislamu yenye leseni. Alhamdulillah. Lakini hata riba ikiondoka, petroli haiondoki.

"Lakini watoto watapataje usalama?"

Hili ni swali la haki, hasa kutoka kwa kina mama. Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu zaidi ya watu 5,000 waliokufa katika barabara za Uganda. Wengi wao walikuwa wakitembea kwa miguu au wamepanda pikipiki. Kwa hiyo hofu ya mama si ya bure. Usipakie watoto watatu juu ya bodaboda moja. Mtoto asipande bila kofia ngumu. Wakubwa wawapeleke wadogo, na wazazi wa mtaa mmoja wapeane zamu ya kuwasindikiza.

Lakini tuulize pia: huyo anayetembea anagongwa na nini? Mara nyingi anagongwa na gari au pikipiki. Kila gari tunaloongeza barabarani kumlinda mtoto wetu linaongeza hatari kwa mtoto wa jirani anayetembea, na moshi wake wanauvuta wote.

"Na mvua je?" Mvua kubwa ikinyesha na Bwaise ikajaa maji, mwenye gari naye anakaa humo ndani saa nzima hasogei. "Na mgonjwa usiku?" Weka akiba ya dharura, na uwe na namba za madereva wawili waaminifu wa magari ya kukodi. Kukodi gari mara chache kwa mwaka ni rahisi mno kuliko kulilisha gari kila siku ya mwaka.

Chagua nyumba kabla ya kuchagua gari

Dawa kubwa iko hapa. Wengi tunakimbilia Gayaza au Matugga kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu, kisha kile tulichookoa tunakimwaga barabarani, na watoto wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri. Anayetafuta nyumba ajumlishe kodi na nauli, ndipo aseme ipi ni nafuu. Nyumba ndogo iliyo karibu na shule, soko na msikiti ni utajiri. Baba anamuona mtoto wake kabla hajalala. Anawahi Magharibi jamaa. Na tumefundishwa kwamba hatua za kwenda msikitini zina thawabu.

Tulilishuhudia hili mwaka 2020. Usafiri wa umma ulisimamishwa tarehe 25 Machi, na magari binafsi tarehe 30 Machi. Karibu miezi miwili, mpaka tarehe 26 Mei, magari mengi yalikaa nyumbani yakipigwa vumbi. Aliyekuwa na soko na zahanati karibu alipata nafuu. Aliyekaa mbali alitaabika, awe na gari au hana.

Sauti zetu zimekwenda wapi?

Mabasi ya Pioneer yalianza mwaka 2012, na kabla miaka miwili haijatimia yakasimamishwa kwa deni la kodi. Treni ya abiria ya Namanve ilianza Desemba 2015, nayo imekuwa ikisimama na kurudi. KCCA ilitenga njia ya miguu na baiskeli Namirembe Road na Luwum Street, lakini mitaa mingine mingi mtembea kwa miguu anapita kwenye mtaro. Kwa nini hakuna kelele? Kwa sababu mwalimu, wakili, mfanyabiashara, wote wenye ulimi wa kusikika, kila mmoja akinunua gari anaacha kuuona mtaro ule. Wanabaki wachuuzi na wanafunzi, ambao hakuna anayewasikiliza. Msomi anayetembea kwa miguu akiandika barua ofisini kwa meya, anaandika juu ya njia aliyopita leo asubuhi.

Basi tuanzie kwetu. Kamati za misikiti, siku ya Ijumaa zuieni magari kuziba njia ya miguu mbele ya lango, maana mzee anayekuja kwa mkongojo analazimika kupita katikati ya barabara. Wazee wa posa, muulizeni kijana kama anaswali, kama anafanya kazi ya halali, kama ana deni. Msimuulize gari. Kina mama, msiwaache watoto wamcheke mwenzao anayekuja madrasa kwa miguu. Na wewe baba unayeona haya kupanda taksi wakati karo ya muhula imelipwa na hudaiwi na mtu, inua kichwa. Wa kuona haya ni yule anayepita na gari huku mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Tunamuomba Allah atupe riziki ya halali, atuepushe na madeni na kujionesha, na awalinde watoto wetu njiani. Amin.

Wabillahi tawfiq.